Kizuri Sana, Mpenzi

Walianza kwa kugombania magurudumu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, duka la vifaa vya ufundi limefurika mafundi hadi mlangoni, na muuzaji alikuwa amebakiwa na magurudumu manne tu ya mpira. Mawili yalikwapuliwa na binti mwenye ovaroli ya buluu, mwanafunzi wa uhandisi ambaye wenzake walimwita Injinia kabla hata hajahitimu. Mawili yalidakwa na kijana wa shati jeupe lililonyooshwa pasi kama anakwenda kuposa.

"Kaka, yaachie. Nimetangulia mimi."

"Umetangulia kufika, dada, au umetangulia kupiga kelele?"

"Vyote! Haya ni ya kiti cha mtoto asiyeweza kukaa."

"Na haya je? Unadhani nakwenda kuyachemsha?"

Kumbe wote wawili walitumwa na jambo moja. Kijana alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika kituo cha hisani cha watoto wenye ulemavu, na Injinia aliongoza kundi la wanafunzi wanne waliopewa na chuo kazi ya kukibunia kituo hicho kiti. Mtoto mwenyewe alikuwa binti wa miaka sita, aliyeitwa Mheshimiwa kwa jinsi alivyopenda kuamrisha. Shule ya jirani ilikuwa tayari kumpokea muhula ujao, kwa sharti moja: aweze kukaa wima darasani.

"Basi wewe ndiye mteja wangu," alisema Injinia.

"Na wewe ndiye fundi wangu. Mungu anisaidie."

Wiki haikuisha wakawa wapenzi. Kiti cha majaribio kikapelekwa kituoni, na kila Ijumaa kijana alitakiwa kutuma taarifa ya maendeleo. Injinia hakuwa na subira ya kungoja karatasi, alipiga simu.

"Dokta wangu, kiti kinaendeleaje?"

"Kizuri sana, mpenzi."

"Na Mheshimiwa?"

"Amekaa kama yuko bungeni. Una mikono ya dhahabu, wewe."

Wiki tano mfululizo ilikuwa hivyo. Wenzake wakaamini, wakaanza kukata vyuma vya kiti cha mwisho kwa vipimo vilevile.

Wiki ya sita Injinia alikwenda kituoni bila hodi, amebeba mto mpya. Alimkuta Mheshimiwa sakafuni, ameegemezwa mito mitatu. Kiti alikiona kwenye chumba cha kufulia, kimebeba rundo la mashuka.

"Hicho?" mama mlezi alishangaa. "Mwanangu, kilitushinda siku ya kwanza. Mtoto anateleza, mkanda unamkata kwapani. Kwani Dokta hakukwambia?"

Damu ilimpanda Injinia kichwani. Alimfuata kijana chumba cha mazoezi, mbele ya akina mama waliokuja na watoto wao.

"Wiki tano umenidanganya!"

"Mpenzi, tutoke nje kwanza..."

"Siendi popote! Kwa nini?"

"Niliona aibu. Umekiunda kwa mikono yako, macho yanakung'aa. Ningekwambiaje hakifai?"

"Kwa mdomo! Uliogopa kuniudhi mimi, ukamwacha mtoto chini. Hayo ni mapenzi gani? Mwongo mkubwa wewe!"

Aliondoka na mto wake. Jioni aliwaambia wenzake ukweli, nao hawakumhurumia.

"Mapenzi yenu ndiyo yanayotukatisha vyuma mara mbili," alisema mchomeleaji wa kundi, na ilikuwa kweli. Zilibaki siku kumi na mbili kabla ya ukaguzi wa chuo.

Siku tatu simu iliita, hakupokea. Ya nne akapokea ili atukane vizuri.

"Usikate," alisema kijana.

"Nakata."

"Mkanda uko juu vidole vitatu."

Injinia alivuta daftari. Mkono ulitafuta kalamu wenyewe.

"Kikalio cha kiti kimeinama mbele, ndiyo maana anateleza," sauti ya kijana ilizidi kupanda. "Meza inamgonga kifua. Na huo mto wenu wa kiti unanyonya mkojo, unanuka hadi barabarani!"

"Sasa unanifokea nini?"

"Umeniita mwongo mbele ya wazazi!"

"Si ni mwongo!"

"Nilikuwa! Andika, sijamaliza!"

Aliandika dosari tisa, mashavu yakimwaka. Simu ilikatwa bila kwaheri, na kundi zima likaingia karakana.

Siku ya ukaguzi walikuja mhadhiri, mkurugenzi wa kituo na mwalimu mkuu wa shule. Mheshimiwa alifungwa mkanda, akakaa wima, akaamuru aletewe penseli. Watu wakapiga makofi. Mhadhiri alimgeukia kijana.

"Mteja unasemaje?"

Injinia alimkazia macho. Neno moja tu zuri lingetosha, na alilitaka mno.

"Pa kukanyagia pako juu," alisema kijana, jasho likimtoka. "Magoti yamepanda. Akikaa saa nzima ataumia."

Makofi yalikatika. Injinia aliungua kwa hasira na aibu, akatamani kumrushia spana. Badala yake alipiga magoti nayo mbele ya kiti.

"Kiasi gani?" aliuliza, amekaza meno.

"Vidole viwili." Kijana naye alipiga magoti, akainua miguu ya mtoto. Nati ikalegezwa, chuma kikashuka. Nyayo zikatulia.

"Sasa niacheni niandike," alisema Mheshimiwa. Mwalimu mkuu akacheka, akamwambia mkurugenzi muhula ukifunguliwa mtoto aletwe.

Chini kule, wawili walikuwa bado na ugomvi wao.

"Kwa hiyo ukinioa utakuwa unanisema hivi mbele za watu?" Injinia alinong'ona.

"Nani kasema nakuoa?"

"Nimesema mimi. Na usinijibu la kunifurahisha."

Kijana alimtazama, ovaroli, jasho, spana na yote.

"Una hasira mbaya," alisema. "Unapayuka, husikilizi, na umeniaibisha kazini kwangu. Nakuoa."

Injinia alikaza nati ya mwisho, ikaingia imepinda. Akailegeza aanze upya, huku akicheka.