Wiski ya Marehemu

Huyu rafiki yangu Mbonile, ambaye siku hizi gizani hagusi hata soda, zamani alikuwa wakala wa forodha pale Tunduma, na alijisikia kupita kiasi. Wanywaji wa bia aliwaita ng'ombe. Wanywaji wa komoni, pombe ya kienyeji, hakuwaita kitu, hakuwaona.

Mwaka 2009 alivuka mpaka hadi Nakonde, Zambia, kununua wiski ya jina lilelile la chupa kuukuu ambayo marehemu baba yake, dereva wa malori, aliiacha kabatini bila kuifungua. Alitaka kulinganisha, ajue kama siku hizi wanauziwa maji ya rangi.

Jioni ile mvua ilikuwa inapiga bati. Akamimina glasi mbili: ya zamani kulia, mpya kushoto. Mama yake akasema, "Mwanangu, mmwagie baba yako chini kidogo kwanza."

"Baba? Yule wa komoni? Hii ataijulia wapi ladha yake!"

Mama akaguna, akaenda zake jikoni. Umeme ukakatika.

Ng'ambo ya meza kiti kikalia, kama kimekaliwa na mtu mzito. Mbonile akasikia glasi ikiinuliwa na koo likimeza, taratibu, mpaka mwisho. Glasi ya pili ikainuliwa. Mtu akasukutua, akatema kwa nguvu.

"Mama?"

"Niko huku jikoni!"

Umeme uliporudi, glasi ya kulia ilikuwa kavu. Wiski mpya ilikuwa inamchuruzika Mbonile usoni, vuguvugu, na ilinuka komoni.