Tela Lililogoma Magamba

Ijumaa, saa 10:15 jioni

Yassin alichora kwa mkaa juu ya ubao. Nyumba. Banda la kuku. Barabara ya msituni. Kisha akachora mstatili mdogo ubavuni mwa nyumba, akaugonga kwa kidole.

"Hili hapa."

Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma cha ghala la mbao, Magamba. Msumeno ulikuwa unanguruma upande wa pili wa ukuta, hakuna ambaye angewasikia. Yassin, mtu wa Muheza, ndiye aliyekuwa na mpango. Aliwahi kufungwa miaka mitatu na hakuficha. Dotto alikuwa wa bodaboda. Mika alikuwa dereva wa pikapu. Wa nne alikuwa Rubeni, fundi wa kuchomelea. Mika alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe Glory.

Mstatili ule ulikuwa tela la kambi la Mama Evelina, ofisa misitu mstaafu. Kijumba cha bati juu ya magurudumu mawili, ndani kitanda, jiko la gesi na sinki. Aliwakodishia watalii waliotaka kulala msituni. Mnunuzi alikuwa Muheza, anataka kuligeuza kibanda cha chipsi.

"Jumapili ni sikukuu ya mavuno," Yassin alisema. "Ibada, halafu mnada wa mazao. Mama huyo haondoki mpaka mnada uishe. Saa nne tunaingia. Saa nne na nusu tumelifunga kwenye pikapu. Saa sita tuko Mombo."

"Na kufuli?" Dotto aliuliza.

Wote wakamtazama Rubeni.

Kufuli lile alilitengeneza yeye. Mwaka jana Mama Evelina alikuja karakanani kwake, akaagiza kitu cha kuziba kichwa cha tela, pale mbele panapomeza boli la kuvutia la gari. Rubeni alichomelea sanduku la chuma kizito, kufuli limejificha ndani yake, nafasi ya mkasi wa chuma hakuna. Kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Ufunguo wa ziada akabaki nao.

"Dakika moja," Rubeni alisema.

Miezi minne sasa mashine yake ya kuchomelea ilikuwa imeungua. Alikuwa anaazima za wenzake kama mwanafunzi. Yassin alimwahidi mpya. Hilo tu ndilo lililomleta kwenye chumba kile, na hakumwambia Glory.

Jumapili, saa 4:04 asubuhi

Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya kabichi. Kwaya ilisikika kutoka bondeni kwa vipaza sauti. Dotto alikuwa nje ya kanisa, juu ya pikipiki yake, simu mkononi.

Mika alirudisha pikapu nyuma taratibu, akazima. Rubeni aliruka chini, akapiga goti mbele ya tela, akaingiza ufunguo.

Haukuingia.

Akaugeuza. Akaupuliza. Akajaribu tena.

"Nini?" Yassin aliuliza.

"Kabadilisha kufuli."

"Ulisema dakika moja."

"Nilisema kufuli langu. Hili si langu."

Yassin alitema mate. Rubeni alianza kuzunguka tela, na kila hatua ilimwongezea hasira. Gurudumu la kushoto lilikuwa na bamba la chuma lililopita katikati ya rimu. La kulia, hivyohivyo. Mnyororo mnene ulitoka kwenye ekseli ukazama katika zege. Mguu wa mbele, ule wa kuliinua, ulikuwa umefunguliwa na kupelekwa ndani ya nyumba. Pua ya tela ilikuwa imekalia tofali la zege.

Mama yule alikuwa amekaa akafikiri. Siku ngapi, Rubeni hakujua, lakini alikuwa amefikiri.

"Kata," Yassin alisema.

Saa 4:31

Grenda ya betri ilipiga kelele kuliko walivyotarajia. Mika alitupia gunia juu yake. Gunia likashika moto, wakalikanyagakanyaga.

Bamba la kwanza lilikatika. La pili nalo, lakini diski ikavunjika, kipande kikapita karibu na sikio la Yassin.

"Unataka kuniua?"

"Nipe diski nyingine."

"Ilikuwa hiyo na hii. Mbili tu."

"Nilikwambia leta tano."

"Na wewe ulisema una ufunguo."

Rubeni akafunga diski ya mwisho, akaukabili mnyororo. Ulimchukua dakika kumi na tano na betri nzima; akapachika ya akiba. Jasho lilimwingia machoni. Ulipokatika, kwaya bondeni ilikuwa imekoma na mtu alikuwa anahubiri.

Likabaki sanduku.

Aliligusa kwa diski. Cheche zikaruka, diski ikateleza. Aligusa tena. Mkwaruzo tu. Alikumbuka jinsi alivyochagua chuma kile mwenyewe, kutoka kwenye sahani ya jembe la trekta, akijisifu kwamba hakuna grenda itakayokipita. Alitamani kujipiga makofi.

"Fundi," Yassin alisema polepole. "Saa tano hii."

"Chini ni kwembamba. Niliacha wazi kidogo, maji yasikae. Tuliinue, nikate kwa chini."

"Mambo mengi."

"Basi kata wewe."

Saa 5:12

Walipachika jeki chini ya pua, wakaondoa tofali. Udongo ulikuwa umelowa. Mika alisema waweke ubao kwanza chini ya jeki.

"Hakuna muda wa ubao," Yassin alijibu.

Rubeni alilala chali. Akaingiza mkono wa kushoto kushika sanduku, wa kulia ukiwa na grenda. Chuma kikaanza kuliwa. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile akaona kazi inakwenda.

Jeki ikazama upande mmoja. Pua ya tela ikashuka.

Hakupiga kelele mara moja. Kwanza alisikia mifupa. Kiganja kilikuwa kati ya sanduku na jiwe lililochomoza kwenye udongo, na damu ilikuwa inachirizika kwenye mkono wa sweta.

"Shemeji," Mika alisema, akapiga magoti. Akashika pua kwa mikono miwili akavuta. Ikainuka upana wa kidole, ikarudi. Rubeni akalia.

"Yassin, shika hapa," Mika alisema. "Wawili tunaliinua."

Simu ya Yassin ikalia. Alisikiliza, akaikata.

"Nani?" Rubeni aliuliza kutoka chini.

"Hakuna mtu."

Lakini Yassin alikuwa anaelekea kwenye pikapu. Rubeni akaelewa. Alikuwa Dotto: Mama ameondoka kanisani.

"Yassin, nishikie tu. Mara moja."

Yassin alifungua mlango, akatoa panga chini ya kiti. Hakulinyanyua. "Mika. Endesha, au baki naye."

Mika alimtazama shemeji yake. Halafu akasimama, akapanda, akawasha gari.

Saa 5:26

Mama Evelina alikuwa amerudi kuchukua kapu la mapeasi alilolisahau kwa ajili ya mnada. Alishuka kwenye bodaboda, akamwona mtu amelala chini ya tela lake, akasogea.

"Shikamoo mama," Rubeni alisema. Mdomo ulijisemea wenyewe.

Hakuitikia. Alimwita jirani, Mzee Kristian, akaja na mti wa mkaratusi wakalinyanyua tela kama gogo. Mama akamfunga mkono kwa kitenge chake. Aliufunga vizuri. Kisha akapiga simu polisi.

"Nilibadilisha kufuli wiki uliyonikabidhi kazi," alisema. "Si kwa kukushuku wewe. Nawashuku wengine wote. Kumbe nilikosea kukuacha wewe nje ya orodha."



Saa 5:58

Afande Saidi aliegesha gari nyuma ya banda la kuku. Alichuchumaa mbele ya Rubeni.

"Wenzako hawajateremka. Kizuizi cha chini hawajakipita. Wako msituni. Wapigie. Waambie limefunguka."

"Gari anaendesha shemeji yangu."

"Nimesikia. Ni wewe uamue kama utalibeba hili peke yako."

Rubeni alitazama kitenge kilicholowa. Akilini alimwona Yassin akiondoka bila hata kugeuka. Hasira ya asubuhi nzima, ya ufunguo, ya diski, ya jeki, ikampanda. Akachukua simu.

"Mkono umetoka," alisema. "Mama hakufika huku. Sanduku limekatika. Njooni tulivute."

Kwa mbali kwenye simu alisikia sauti ya Mika: "Nilikwambia. Turudi."

"Dakika tano," Yassin alisema.

Pikapu ilitokea kwenye ukungu ikirudi kinyumenyume, boli likiwa tayari kwa tela. Kabla haijasimama Mika aliruka nje. Mkononi alikuwa na shati lake, amelichana vipande vya kufungia jeraha.

"Shemeji, kaa chini," alisema akikimbia. "Usiunyanyue huo mkono."

Polisi wakatoka pande zote mbili. Yassin alikamatwa akiwa bado kwenye kiti. Mika alilazwa kifudifudi kwenye matope, vile vipande vya shati vikiwa bado mkononi, akageuza uso akamtafuta Rubeni.

Rubeni alitazama kwingine.