Nati Moja Iliyolegea

Nyumbani walimwita Bi Kesho, na jina lilimkaa sawasawa. Akinywa chai ya asubuhi aliuliza habari za chakula cha mchana. Akiwa darasani aliiwazia kengele ya kurudi nyumbani. Bibi yake, ambaye aliishi naye, hakuchoka kumtania. "Wewe mjukuu wangu," alisema, "nadhani hata usingizini unasubiri kulala."

Mama yake alikuwa dereva wa lori, na mtaa mzima ulimwonea fahari. Lori lile refu aliliingiza kinyumenyume kwenye kichochoro chembamba bila kugusa ukuta, na watu waliacha shughuli zao wakamtazama. Lakini kazi hiyo ilimweka barabarani wiki nzima. Alirudi Jumamosi asubuhi, na Jumapili alfajiri aliondoka tena. Siku hiyo moja Bi Kesho aliingoja kwa hamu kubwa, na ilipofika, aliiharibu mwenyewe.

Jumamosi moja mama aliwasili, akateremka na kumkumbatia binti yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umerefuka hivi? Unataka kunipita?"

"Kesho utaondoka saa ngapi?"

Mama alicheka kidogo tu. "Hata viatu sijavua," alisema.

Mchana walibadilisha tairi moja la nyuma lililokuwa limekwisha. Mama hakukaza nati kwa kufuata mzunguko. Akikaza hii, aliruka akaenda ya upande wa pili, ili gurudumu likae sawa. Kwa kuwa ni rahisi kusahau ipi imekazwa na ipi bado, walikuwa na utaratibu wao: mama akishamaliza kukaza nati, Bi Kesho aliitia alama ya chaki. Ilikuwa kazi ndogo, lakini mama hakumpa mtu mwingine.

Siku hiyo Bi Kesho alichuchumaa na chaki yake mkononi, mawazo yakiwa mbali. Alikuwa akiliona lori likitoka kichochoroni na nyumba ikibaki kimya. Machozi yalimlengalenga kwa ajili ya safari ambayo haijaanza. Katikati ya kazi bibi alimwita mama ndani amsaidie kuipua sufuria kubwa. Mama aliporudi, nati zote zilikuwa na chaki.

"Kumbe tulikuwa tumemaliza?"

"Ndiyo, mama."

Mama alikusanya spana zake. Kisha, kama alivyozoea, alizipapasa nati zote moja moja. Mkono wake ukasimama ghafla. Nati moja ilizunguka kwa vidole viwili tu.

Hakugomba. Alichuchumaa hadi macho yao yakalingana. "Hii niliikaza?"

Bi Kesho hakujua. Aliliwazia lori kwenye mteremko, gurudumu likichomoka, mama yake akiwa ndani.

"Ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Nilikuwa hapa hapa."

"Mikono ilikuwa hapa. Wewe je?"

Bi Kesho akaangua kilio. "Nilikuwa nawaza kesho, ukiondoka."

Mama alimfuta machozi kwa mgongo wa mkono, maana kiganja kilijaa grisi. "Kesho nitaondoka, sikufichi. Lakini leo nipo, na wewe umeniacha peke yangu. Mimi nikiwa kwenye kona, nipo kwenye kona. Mawazo ya nyumbani yakinizidi, naegesha pembeni, nawaza mpaka nishibe, ndipo naendelea. Sasa futa chaki zote. Tunaanza upya."

Wakaanza upya. Safari hii Bi Kesho alimtazama mama yake kweli. Aliona anavyolalia spana kwa uzito wake wote, na alisikia anavyoimba kila akikaza, tena kwa sauti mbaya ajabu. Alimwambia hivyo, na mama akampaka grisi puani. Walicheka mpaka bibi akatoka kuchungulia. Jioni walikula pamoja na kupiga soga, na Bi Kesho alifurahi hadi akashangaa.

Alfajiri lori liliondoka. Alilia kidogo, wala hakuona haya. Walipokaa kunywa chai, bibi alimwomba amsimulie kilichowachekesha jana, naye akasimulia yote, hata ule wimbo akauimba. Kisha akaweka kikombe chini.

"Bibi, Jumamosi nyingine zote nakumbuka nikiliwazia lori likiondoka tu. Mama mwenyewe simkumbuki."

"Utamkumbukaje, na wewe hukuwepo?" bibi alisema, akimwongezea chai. "Ulimlilia angali amekaa karibu nawe. Furaha haikai kesho, mjukuu wangu. Ipo mahali ulipo, nawe ukiwa kwingine inakukosa. Jana ulikuwa na mama yako siku nzima. Hiyo hakuna lori litakaloiondoa."