Sura ya Mhandisi Atuganile

Asubuhi, watu wakiwa bado na vikombe vya chai mkononi, Meya Lusekelo Ntandu aliingia katika kila sebule ya jiji la Igamba Mpya kwa wakati mmoja. Hakupiga hodi. Kidude kilichofungwa darini, kilichoitwa kinasihi, kilimchora kwa nuru katikati ya chumba, kimo chake, koti lake na tabasamu lake, naye akaanza kuzungumza. Kwa mwenye duka aliahidi kupunguza ushuru wa soko. Kwa jirani yake, mkusanya ushuru, aliahidi kuuongeza. Kinasihi kilisoma mapigo ya shingo na mtikisiko wa midomo ya msikilizaji, kikajua neno gani lingemlainisha, na Meya akalitamka neno hilo. Mcha Mungu alisomewa maandiko. Aliyefiwa alipewa pole.

Sheria ilikataza kuzima kinasihi msimu wa uchaguzi. Watu walikifunika kwa sufuria, au walimwacha Meya aongee na ukuta huku wao wakipiga deki miguuni pake. Wapinzani wake nao walikuwa na vinasihi vyao, kwa hiyo hapakuwa na nafuu popote.

Atuganile Mwasomola hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa mhandisi wa bwawa lililokuwa juu ya jiji. Siku moja ya masika, roboti-zamia, mashine yenye umbo la kambale inayokagua ukuta chini ya maji, ilimletea picha ya ufa. Akampigia Meya papo hapo.

"Mheshimiwa, ukuta huu huenda usimalize siku. Waambie watu wa bondeni wapande mlimani."

Pengine kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Meya aliwaambia watu wote jambo lilelile: ondokeni. Bondeni walicheka. "Leo kaja na mafuriko," alisema fundi cherehani mmoja aitwaye Ambilikile, akaendelea kushona.

Atuganile aliposikia hakuna aliyetoka, aliacha skrini zake akashuka mwenyewe, mlango kwa mlango. Watu walimbinya mkono kwanza kuhakikisha kwamba si nuru. "Mimi siombi kura," aliwaambia. "Sina hata kadi ya chama. Maji yanakuja." Wakatoka. Bibi Subilaga, mjane aliyekuwa akiumwa magoti, alibebwa mgongoni na mhandisi huyohuyo. Alasiri ufa ulipanuka, maji yakafagia nyumba za bondeni, lakini hakufa mtu. Baadaye ufa ukazibwa kwa kiraka na nyumba zikajengwa upya palepale.

Uchaguzi mwingine ulipokaribia, Meya alikwenda ofisini kwa Atuganile, safari hii kwa miguu yake.

"Mhandisi, watu wanakuamini. Tupe sura yako tu. Wewe hutalazimika kusema chochote."

"Hapana, Mheshimiwa."

"Ni kwa faida ya umma."

"Umma huo ndio ulionifungulia milango. Hapana."

Meya alitabasamu kama mzazi anayemsikiliza mtoto akikataa uji, akaaga.

Siku chache baadaye, muuza ndizi sokoni hakuitikia salamu ya Atuganile. "Jana umekaa sebuleni kwangu ukimsifia Meya," alisema. "Leo unakuja kununua ndizi kama vile hatujaonana." Atuganile alieleza, kisha akaapa, na kadiri alivyoapa ndivyo yule mama alivyozidi kutikisa kichwa. Atuganile alifungua shauri mahakamani. Mawakili wa Meya walijibu kwamba taswira ile ilifanana naye kwa bahati tu, na shauri likawekwa kiporo mpaka uchaguzi upite. Kila siku alikuwa akisifu, katika nyumba asizozijua, mtu ambaye yeye mwenyewe hakutaka hata kumsikia.

Masika yakarudi. Kiraka cha ukuta kikaanza kuvuja. Atuganile hakujisumbua kumpigia Meya, alishuka bondeni moja kwa moja. Mlango wa kwanza ulifungwa usoni pake. Kwenye wa pili, mwanamume mmoja alimbinya mkono, akakubali kwamba ni nyama. "Lakini nyama nayo inanunuliwa," alisema, akafunga. Ambilikile hakuinua hata kichwa kutoka kwenye cherehani yake.

Alipofika kwa Bibi Subilaga sauti ilikuwa imemkauka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Alimweleza yote: sura iliyoibwa, kiraka, maji, njia ya kupandia. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Na kura ni lini?" akauliza.

 Atuganile aliketi kizingitini, matope mpaka magotini, akafunika uso kwa viganja. Hakulia. Alikuwa amechoshwa na kazi ya kuthibitisha kwamba yeye ndiye yeye.

Bibi akaingia ndani, akatoka na khanga zake na mkongojo. "Haya, twende. Si kwamba nakuamini. Nimekuonea huruma tu."

Walipanda taratibu hadi kwenye kona ya mlima. Bibi akageuka kutazama chini. Moshi wa majiko ya mchana ulikuwa bado ukifuka, na watoto wa Ambilikile walikuwa wakifukuzana mbele ya duka la baba yao.

"Hawa hujawaambia?"

"Nimewaambia. Hawanisikii tena, bibi."

Bibi Subilaga alijifunga khanga moja kibwebwe, nyingine akamkabidhi Atuganile. "Kaa hapa. Mimi sura yangu bado hawajaiiba."

Akateremka kwa magoti yake mabovu, akagonga mlango wa kwanza kwa mkongojo, kisha wa pili. Kutoka juu Atuganile alimsikia Ambilikile akibisha, na bibi akimtolea maneno ambayo mtu hamwambii mkubwa mwenzake mbele ya watoto. Cherehani ikanyamaza. Milango ikaanza kufunguka.

Watu walipanda na magodoro, kuku na watoto wao. Walipofika konani walimpita Atuganile bila kumsalimu, naye akasogea kando, khanga ya bibi mkononi, kuwapisha njia.