Nusu ya Mize

Jioni ile nilitoka kwenda kwa Bi Mwanapili kuchukua kazi ya marehemu bintiye, Mize. Hitma ya siku tatu ilikuwa imekwisha jana yake. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mikarafuu, nami nilikwenda mbio ili niwahi magharibi nyumbani. Kazi yenyewe si kubwa. Kikapu, sindano mbili, donge la uzi, na nusu ya shali jekundu la lesi.

Msiniulize kwa nini nilikiogopa kikapu kile. Nitasema mwenyewe. Kwenu nyie naweza kusema. Kwa yule ninayepaswa kumwambia ndipo ulimi unakuwa mzito.

Mize alikuwa shoga yangu tangu utoto. Hapa Wesha hapakuwa na wafumaji wa kutushinda sisi wawili. Mwaka wa pili wa vita, Bi Shardaben, mke wa Kantilal mwenye duka kule mjini Chake, alitupa kazi ya shali la harusi la binti yake Lilavati. Shali la namna ile hufumwa nusu mbili, kila moja ikianza pembeni ikaja katikati, ili majani ya lesi yatazamane. Zikishalingana safu, watu wawili hukaa uso kwa uso, kila mmoja na sindano yake, wakaziunganisha kitanzi kwa kitanzi.

Nusu moja yangu, nusu moja ya Mize. Yeye alikuwa mtu wa shoto. Vitanzi vyake vililala upande wa pili na vyangu, na mtu yeyote ajuaye kufuma angeweza kuitambua kazi yake gizani kwa vidole tu.

Siku moja Shardaben akaja kutazama. Akainua nusu ya Mize mlangoni, mwanga ukapenya kwenye matundu.

"Hii nzuri sana," akasema. "Kazi ijayo nitampa Mize peke yake."

Mbele yangu! Bila hata haya! Nilicheka nao, lakini rohoni niliungua.

Kesho yake nikaiba kipande cha uzi wa Mize, nikampelekea Mzee Ngwali, mganga. Nikamwambia nataka kidole kimoja tu kiwe kizito. Kimoja, wallahi. Akapiga fundo kwenye uzi.

"Ukijuta," akasema, "rudi kabla siku saba hazijapita, nilifungue."

Siku ya tatu kidole kikafa ganzi. Siku ya tano, mkono mzima. Mize akaniita mimi, mimi huyu huyu, nimsugue kwa mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu. Nikamsugua. Akaniambia mkono wangu una baraka. Nikamimina mafuta mengine.

Siku ya saba nilivaa buibui niende kwa Ngwali. Shardaben akaingia, akaisifu kazi yangu. Nikavua buibui, nikakaa nikafuma. Nikasema, kesho.

Siku ya tisa tukamzika.

Kabla ya kukata roho alinishika kwa mkono uliobaki. "Nusu yangu usiimalize," akanong'ona. "N'taimaliza mwenyewe. Zikilingana tutaziunganisha, weye na mie."

Watu wakasema ni homa.

Basi jioni ile nikafika na kikapu nyumbani, nikahesabu. Nusu yangu ilikuwa tayari. Yake ilipungua safu arobaini. Nikaiweka chumba cha ndani, nikatoka kutawadha.

Ti... ti... ti...

Nikasimama na kata ya maji mkononi. Hiyo ni sauti ya sindano. Naijua kuliko sauti ya mama yangu.

Ti... ti...

Nikasukuma mlango. Hamna mtu. Lakini donge la uzi lilikuwa linabingirika sakafuni, polepole, likivutwa... Na chumba kizima kilinuka mafuta ya nazi na karafuu.

Nikaichukua ile nusu. Ilikuwa na safu nne mpya.

Vitanzi vimelala kishoto.

Nilizifumua zote, nikilia. Magharibi ya pili zilikuwapo, na nyengine nne juu yake. Ya tatu vivyo hivyo. Sauti ikaja nyuma ya sikio langu, ya upole, kama alivyokuwa akiniuliza siku zote:

"Zimebaki ngapi, shoga?"

Asubuhi nilikuwa kwa Ngwali. Alinisikiliza ameinamisha kichwa.

"Zikilingana atakuja kuunganisha," akasema. "Akimaliza, mtaondoka pamoja."

"Lifungue fundo, babu!"

"Mimi siliwezi tena. Lipo kinywani mwako. Kamwambie mamake ulilolifanya."

Nikaenda. Njia nzima nilikuwa nayasema maneno kwa sauti, nisije nikayasahau. Bi Mwanapili alikuwa anapepeta mchele. Akaniweka kwenye mkeka, akanishika mashavu.

"Weye ndiye mwanangu niliyebakiwa naye," akasema. "Mize akiniambia, maadamu shoga yangu anisugua, n'tapona. Sema, mama. Wataka kuniambia n'ni?"

Nikafungua kinywa.

"Nimekuja kukujulia hali," nikasema.

Aibu. Aibu ilinishinda kuliko kifo! Nikarudi nyumbani, nikaamua nitafanya ninachokijua. Nikashika nusu yangu, nikaongeza safu nne. Yeye akifuma nne, na mimi nne. Hatulingani.

Harusi ya Lilavati ikapita, bibi harusi akavaa shali jengine. Mimi nikaendelea. Kwa sababu ya vita, meli hazikuleta uzi, na donge langu likawa dogo kama limau, lake likibaki lile lile. Jana likabaki la safu mbili tu.

Magharibi nikasikia hodi. Bi Mwanapili, na kitu ameficha ndani ya kanga. Akakitoa. Donge zima la uzi mwekundu.

"Nimelikuta chini ya kitanda chake," akasema. "Nikasema nikuletee, usije ukakwama."

Nikalipokea. Kabla sijashukuru, akainua kidole.

"Sss. Nani huyo afuma ndani?"

Ti... ti... ti...

Anasikia. Yarabi, naye anasikia!

"Hamna mtu, Mama," nikasema.

Akabaki ameegemea mlango, macho ameyafumba. Machozi yakamtoka taratibu. Hakuogopa hata kidogo.

"Mize wangu alikuwa akifuma hivi hivi," akanong'ona. "Niache nisikilize kidogo, mwanangu."

Nikamwacha. Nilisimama karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake, na maneno yote yalikuwa tayari mdomoni. Sauti ilipokoma akajifuta uso kwa kanga, akaniombea dua ndefu, mimi na mikono yangu.

"Kesho n'takuja tena," akasema.

Nikamwambia karibu, Mama. Kisha nikaingia ndani, nikatafuta ncha ya uzi aliouleta, nikaanza kufuma.