Kijiwe cha Shufaa

Katika wimbo mpya wa Shufaa, nyuma ya sauti yake, kulisikika cherehani. Tumpe aliurudia wimbo, akaondoa mguu kwenye pedali, akasikiliza. Ilikuwa cherehani yake mwenyewe, ile inayokwaruza kila gurudumu likizunguka, hapo hapo kibandani kwake Mwanjelwa. Na Shufaa alikuwa amekufa tangu mwaka juzi.

Enzi za uhai wa mwimbaji huyo, Tumpe ndiye aliyeanzisha Kijiwe cha Shufaa, kundi la WhatsApp lililojaa mashabiki hadi wengine wakakosa nafasi. Shufaa alipofariki watu walilia, wakatumiana picha zake, kisha wakaanza kutoka mmoja mmoja. Waliobaki kuongea ni Tumpe na Faraji, kijana wa Mlandege, Iringa, kama watu wa mwisho msibani. Faraji alimwita dada. Alipomwambia, "Niachie uongozi wa kundi, dada, upumzike kidogo," Tumpe alimwachia.

Ndipo nyimbo zikaanza kuja. Faraji alisema kazipata kwa prodyuza, Shufaa alizirekodi asizitoe. Kijiwe kikafufuka. Watu walirudi kwa mamia, wakaleta na jamaa zao, na kila wimbo ulipotumwa harufu ya udi ilijaa kibandani kwa Tumpe, ambaye ni Mkristo, Mmoraviani, na hajawahi kuchoma udi maishani mwake, na koo lake likawasha, na sauti ikapungua, hadi asubuhi moja mteja alipoulizia gauni lake na Tumpe akafungua mdomo pasitoke hata mkoromo, huku kwenye simu Shufaa akiimba kwa sauti ya juu kabisa, akivuta pumzi pale pale Tumpe alipovuta.

Alipanda basi kwenda Iringa, kwa Faraji aliyezituma nyimbo.

Faraji alifungua mlango, akamwona, akajua. Tumpe aliandika kwenye simu, akamwonyesha: Umenifanya nini?

"Usipige kelele, dada..." Faraji akanyamaza, maana kelele zenyewe hazikuwepo. "Nilikwenda kwa mganga. Kijiwe kilikuwa kinakufa. Jini alikubali kuimba kama Shufaa, ila hana koo. Akataka la mtu aliyempenda Shufaa kweli." Akanong'ona, "Nani alimpenda kama wewe?"

Mjomba wa Faraji, Shehe Muharami, alikuwa chumba cha pili. Alisikia yote. Alimkalisha Tumpe mkekani, akamzuia Faraji asitoke, akaanza kusoma dua. Upepo wa baridi ulipiga madirisha, udi ukageuka harufu ya nywele zinazoungua, shingo ya Tumpe ikavimba, macho yakamtoka, na kutoka katika mdomo wake aliokuwa ameufumba kwa nguvu zake zote ikaja sauti ya Shufaa, tamu, wala haina hasira.

"Sikuiba," ilisema. "Nilipewa."

"Toka!"

"Niende wapi? Aliyenipa anipe pengine. Au niingie kwake."

"Hatutoi mtu," alisema Shehe. "Faraji, mwambie aje kwako. Mimi nipo, mwanangu, nitamtoa. Sema."

Faraji alimtazama mjomba wake. Akamtazama Tumpe. Mkononi simu ilitetemeka kwa meseji za mashabiki, moja juu ya nyingine.

"Mercy," alinong'ona. "Mercy Sanga, wa Makambako. Kajiunga jana, na tangu hapo anamlilia Shufaa."

Kitu kikachomoka kooni mwa Tumpe kama uzi unaofumuliwa kwenye nguo. Alipiga ukelele, na ukelele ulikuwa wake. Akamrukia Faraji, akampokonya simu, akaitafuta namba ya Mercy, akapiga.

Iliita kwa muda mrefu. Ikapokelewa.

"Mercy? Mdogo wangu, sema neno. Lolote."

Upande wa pili mtu alihema kwa nguvu, kama anayesukuma mlango uliofungwa. Kwa mbali mtoto aliuliza, "Mama, mbona huongei?"

Kisha Shufaa akaanza kuimba.