Kikohozi cha Yvette

Kila asubuhi kabla jua halijapanda, Yvette alikuwa ameshaoga na kumvalisha mdogo wake Blaise, mwenye miaka minne. Mama yao, Maman Constance, aliondoka mapema kwenda kusuka nywele katika saluni moja mjini Durban. Yvette alimwacha Blaise kwa jirani, kisha akasimama kando ya barabara mtaani kwao Cato Manor, sanduku la tarumbeta mkononi, akingoja teksi ya kwenda Glenwood ilikokuwa shule yake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na tangu Novemba hakuweza kutulia. Akikaa, mguu wake ulitikisika. Akisimama, alitaka kutembea.

Sababu moja ilijulikana na wote. Bendi ya shule ilikuwa imealikwa Ayalandi mwezi wa Machi, kupiga muziki katika gwaride la sikukuu ya Mtakatifu Patrick kwenye mji mdogo wa huko. Wangekaa siku tisa katika nyumba za wenyeji, wangekula chakula chao na kujifunza kucheza muziki wao. Mwalimu Gosbert, mwalimu wa muziki mwenyeji wa Bukoba, aliwaonyesha video za watu waliocheza mikono ikiwa imenyooka kando ya mwili, miguu tu ikienda mbio. Wanafunzi walicheka, halafu wote wakaanza kuiga. Yvette ndiye aliyechaguliwa kupiga peke yake katikati ya wimbo mmoja wa Kiayalandi. Hata hati yake ya kusafiria ilikuwa imeshatoka, baada ya Maman Constance kupanga foleni mara nyingi kwa miezi saba.

Sababu ya pili Yvette aliijua peke yake. Alikuwa anakohoa. Kikohozi kilianza Novemba, kikapita Krismasi, kikaingia naye mwaka mpya. Alilowa jasho akilala na sketi ya shule ilianza kumpwaya. Mama alipouliza, alisema ni vumbi la uwanjani. Shuleni alinyonya peremende za mnanaa, na kifua kilipombana alikimbilia chooni, akafungua bomba la maji ili asisikike. Alihofia jambo moja tu: wakijua, wangemwacha.

Februari ilipoanza, Mwalimu Gosbert aligawa fomu za afya. Zilikuwa za Kiingereza. Maman Constance alisema Kifaransa, Kiswahili na Kizulu cha wateja wake, lakini Kiingereza cha kwenye karatasi kilimshinda. Kwa hiyo Yvette alimsomea, swali baada ya swali. Alipofika kwenye swali la tisa, lililouliza kama mwanafunzi amekohoa zaidi ya wiki mbili, aliliruka. Akaweka alama kwenye "hapana", akasoma la kumi. Mama akatia sahihi, akambusu kichwani.

Siku nne baadaye Blaise alianza kukohoa. Alikataa uji, akakataa hata ndizi. Maman Constance alimpaka dawa ya mafua kifuani, akisema ni mvua za wiki ile. Yvette alisimama mlangoni akisikiliza. Kikohozi kile alikifahamu vizuri kuliko wimbo wowote wa bendi.

Kesho yake mazoezini alichelewa kuingia kwenye sehemu yake, mara ya kwanza na ya pili. Nokwanda, rafiki yake aliyepiga tarumbeta kwenye kiti cha pembeni yake, alimtazama kwa mshangao. Yvette aliomba ruhusa, akatoka, akazunguka ua wa shule, akarudi, akatoka tena. Wenzake walipoondoka, aliingia ukumbini. Mwalimu Gosbert alikuwa anakunja vishikio vya nota.

"Mwalimu, ile fomu niliyoleta ina uongo," alisema.

"Uongo gani?"

"Nimekohoa tangu Novemba. Mama hakujua, swali hilo sikumsomea. Sasa Blaise naye anakohoa."

Mwalimu aliweka chini alichoshika. Akamuuliza kwa nini ameamua kusema leo.

"Blaise haendi Ayalandi," Yvette alijibu. "Mimi nilificha ili niende, yeye anaumwa bure."

Mwalimu hakumkaripia. Alimpigia simu Maman Constance, na kesho yake mama na watoto wake wawili walikuwa kliniki, Yvette na Blaise wakiwa wamevaa barakoa. Muuguzi, Sista Médiatrice, alikuwa Mrundi, kwa hiyo aliwaeleza kila kitu kwa Kiswahili. Alichukua makohozi ya Yvette na kuagiza picha za vifua. Majibu yalipotoka, aliyatamka bila kuficha: kifua kikuu, watoto wote wawili. Alisema ugonjwa huo huenea kwa hewa mtu anapokohoa, na kwamba unapona kabisa, mradi mgonjwa ameze vidonge kila siku kwa miezi yote atakayoambiwa, hata akijisikia mzima.

Ndani ya teksi ya kurudi nyumbani Maman Constance alimpakata Blaise. Yvette alianza kulia, akaomba msamaha kwa ajili ya zile foleni zote.

"Foleni nitapanga tena," mama alisema. "Watoto nitawatoa wapi wengine?"

Bendi nzima ilipimwa. Nokwanda, aliyekaa karibu naye kuliko wote, alipewa dawa za kinga. Mzazi mmoja alikuja juu, akataka Yvette afukuzwe kwenye bendi, na Mwalimu Gosbert akalazimika kumweleza kwa subira kwamba mtoto huyu sasa anatibiwa. Lakini majina ya wasafiri yalitakiwa wiki ileile, naye alikuwa bado haruhusiwi kusafiri. Jina la Yvette halikuwemo.

Alipitia siku ngumu. Vidonge vilimtia kichefuchefu. Alitembea toka chumbani hadi jikoni, jikoni hadi chumbani, mpaka Blaise akaanza kumfuata nyuma akidhani ni mchezo. Sista Médiatrice alipomruhusu kurudi shuleni, kitu cha kwanza alichofanya ni kumwomba Nokwanda msamaha. Nokwanda aliguna "eish", akasema amemkasirikia kweli, na hasira haijaisha. Kisha akamwomba amfundishe ile sehemu ya kupiga peke yake, kwani sasa ilikuwa yake. Yvette alimfundisha kila mchana, akiimba nota kwa mdomo kwa sababu mapafu yake hayakuwa tayari kwa tarumbeta.

Siku ya gwaride alilitazama kwenye simu, saluni kwa mama yake. Wasukaji waliacha nywele, wakasogea. Mvua ilikuwa inanyesha huko Ayalandi na barabara yote ilikuwa ya kijani, rangi ya sikukuu ile. Nokwanda alipoanza kupiga, Yvette alifuata kwa vidole hewani. Aliumia moyoni, na pia alifurahi.

Agosti vipimo vyake vilitoka safi. Blaise alikuwa amepona kabla yake na kunenepa mashavu. Septemba bendi ya ule mji wa Ayalandi ikaja Durban kurudisha ziara. Wageni wakala bunny chow, mkate uliojazwa mchuzi, na kulalamikia pilipili, wakafundishwa hatua za ngoma za Kizulu, nao wakawafundisha wenyeji hatua za kwao. Yvette alicheza mpaka jasho likamtoka, kisha akapiga tarumbeta pamoja nao wimbo mzima bila kuishiwa pumzi.

Baada ya onyesho Mwalimu Gosbert alimwita kando.

"Ungesema Novemba," alimwambia, "Machi ungekuwa Ayalandi, na Blaise huenda asingeugua kabisa. Ugonjwa si kosa lako, Yvette. Kosa ni miezi mitatu uliyokaa nao kimya, kwa sababu ndani ya miezi hiyo uliwagawia watu unaowapenda. Mwili ukikuambia kitu, mwambie mtu mzima siku hiyohiyo."

Yvette aliitikia kwa kichwa. Kisha akaenda kumtafuta Nokwanda, aliyekuwa anamwita wapige picha na wageni.